Aliyemwita Papa

Juzi nilikwenda sokoni Ukunda kununua vitunguu na nazi, nikapita kwa mama mmoja auzaye samaki wakavu. Alikuwa amewapanga papa juu ya gunia, wembamba, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, wamepasuliwa na kutiwa chumvi mpaka wamekakamaa kama ngozi ya kiatu. Harufu yao ilinifikia kabla sijawaona. Nikajifunika pua kwa ncha ya mtandio, na yule mama akadhani naidharau mali yake. Akaniambia kwa upole kwamba hao ndio papa wa siku hizi, wakubwa hawapatikani tena. Nilimwomba radhi, nikamwambia si dharau. Sikumweleza ni nini. Nikarudi nyumbani bila vitunguu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani hii mtawakumbuka papa walivyokuwa. Walikuwa wakiletwa wakubwa kuliko mlango wa nyumba, wakalazwa mchangani, na sisi watoto tukajilaza ubavuni mwao kupimana urefu. Mtakumbuka pia kwamba hatukuwaogopa sana. Tuliogelea ndani ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi, na papa walikaa nje ya mwamba, kwenye maji meusi, kila mmoja na kwake. Mpaka mwaka ninaotaka kuusimulia, nilikuwa nimesikia habari za mtu mmoja tu aliyeumwa na papa, naye alikuwa wa zamani za babu, watu wakimtaja kama wanavyotaja watu wa ngano.

Kwetu, kusini kidogo ya Msambweni, tulikuwa watu wanne nyumbani: Baba, Mama, mimi na Shangazi Riziki. Shangazi alikuwa kitinda mimba wa kwao. Wazazi wao walifariki akiwa mchanga, Baba akamlea kama binti yake wa kwanza, kwa hiyo kwangu alikuwa dada zaidi ya shangazi. Tulilala kitanda kimoja. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi na moshi wa kuni, na alikuwa akizungumza usingizini, maneno yasiyo kichwa wala miguu, nami nikimjibu ili nione kama ataendelea. Alikuwa ameposwa na kijana wa Gazi. Alijua kuogelea kuliko wanaume wengi, maana Baba alimfundisha tangu mdogo, na wako wanawake waliosema hilo si jambo la mtoto wa kike. Yeye aliwacheka. Mimi alinifundisha yeye.

Baba alikuwa mvuvi wa jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kutegea papa. Zamani yeye na wenzake wakipata papa walimleta ufuoni, wakampasua juu ya mchanga na kuyafukia matumbo mbali. Nyama ilitiwa chumvi, maini yakachemshwa kwenye pipa kutoa sifa, yale mafuta mazito ya kupaka vyombo visiingize maji. Harufu ya sifa ilikuwa kwenye shati la Baba, kwenye mlango, hata kwenye msala wake baada ya Mama kuufua. Kisha Uhuru ulipokuja, alikuja pia mnunuzi. Alitoka Mombasa na lori la kijani, na hakutaka nyama. Alitaka mapezi na maini, kadiri yatakavyopatikana. Wanaume walifurahi. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa, watu wakizungumza juu ya shule na barabara, na Baba alitaka kuezeka nyumba kwa mabati kabla ya harusi ya dada yake. Jarife moja likawa manne. Papa wakazidi mpaka ufuo ukanuka, nzi wakaingia hata msikitini, wazee wakalalamika. Ndipo wavuvi walipoanza kuwapasua huko huko majini. Wakirudi alfajiri walisimamisha chombo mlangoni, yaani kwenye mwanya wa mwamba vyombo vinapopita, wakakata mapezi, wakatoa maini, na yote mengine wakayatupa hapo: matumbo, vichwa, hata nyama iliyowashinda kubeba.

Mimi nilikuwa nikiyaona maji ya mlangoni yametulia na kung'aa rangi rangi kwa mafuta, nikayaona mazuri. Nilidhani watu wazima wameipaka bahari sifa kama wanavyopaka chombo, ili isivuje.

Jirani yetu alikuwa Bi Mishi, kungwi wa kijiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha kunyamaza ili umsikie. Ndiye aliyewafunda wasichana wote. Sisi tuliokuwa bado hatujafikia kufundwa tulikaa naye tukisuka makuti, na yeye akitupa mafundisho vipande vipande. Siku moja alituambia mwanamke aliye katika siku zake haingii baharini. Alisema papa huisikia damu ile kutoka mbali kama sisi tunavyosikia ngoma, na kwamba akija hamchukui mwenye damu. Humchukua aliye karibu naye, ili mwenye damu abaki aone. Nilimwamini kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hizo siku nilidhani ni mambo ya watu wazima, yatakayonifikia baadaye sana, kama mvi.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba wote ukabaki wazi. Tulitoka asubuhi, wanawake na wasichana, kwenda kutafuta pweza na kome. Shangazi Riziki alikuwa mbele na mkuki wake mfupi. Nyuma yangu alitembea Mejumaa, mke wa kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa ameolewa kutoka Vanga mwaka mmoja uliopita na bado hana mtoto. Nilimpenda Mejumaa kwa sababu alizungumza na watoto kama watu. Njia nzima alinieleza jinsi mama yake anavyopika kaa wa mikokoni, na akaniahidi kwamba siku moja atanipeleka Vanga nikawale.

Tumbo lilikuwa likiniuma tangu kuamka. Nilidhani ni maembe mabichi niliyokula jana yake. Tulipofika mwambani, nilijitenga kidogo kufuata shimo la pweza, nikahisi unyevu usio wa bahari. Nilipotazama niliona damu kwenye paja langu. Kwanza nilidhani nimekatwa na mwamba, nikatafuta kidonda. Sikukiona. Nikakumbuka maneno ya Bi Mishi.

Nilijificha nyuma ya jiwe kubwa penye kidimbwi, nikawa najiosha. Damu ikitoka naiosha, na nikiiosha inatoka. Niliona uzi mwekundu ukienda na maji, ukipita kwenye ufa wa mwamba kuelekea nje, nikauzuia kwa viganja. Nikawasikia wanawake wakiita kwamba maji yamegeuka, turudi. Sikuitika. Walidhani nimetangulia na wasichana wengine. Ni Shangazi peke yake aliyehesabu vichwa walipofika kwenye mfereji, akarudi kunitafuta.

Akanikuta nimechutama kwenye kile kidimbwi, nalia. Aliniuliza kwa nini siitikii. Alitazama leso yangu, akaelewa, akachuchumaa mbele yangu na kucheka kidogo, cheko la huruma.

"Hujakatwa, Mwanasha," akaniambia. "Umekuwa mwanamke, basi. Nyamaza kulia. Tukifika nitakupeleka mwenyewe kwa Bi Mishi, na mpaka hapo asijue mtu."

Nilimwambia habari za papa. Nilimwambia wote wavuke, mimi nibaki pale mwambani mpaka itakapokoma.

"Bi Mishi hajui kuogelea," akasema Shangazi. "Atayajuaje ya papa?"

Akanifunga leso yake ya pili juu ya yangu, akanishika mkono.

Mfereji ule ulianzia mlangoni na kuingia ndani kati ya mwamba na ufuo. Asubuhi tuliuvuka maji yakitufika magotini. Sasa maji yalikuwa yakimfika Shangazi kifuani, na mimi yalinipita kichwa. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kuvuka, wanatembea upande wa pili na vikapu vyao. Maji yalinuka sifa. Nakumbuka hilo kwa hakika, kwamba yaliniingia mdomoni nikaonja ladha ya shati la Baba. Shangazi alinitanguliza, kiganja chake chini ya tumbo langu, akitembea na kunisukuma, akiniambia nipige miguu polepole.

Watu wengine huniuliza kama nilimwona papa. Sikumwona. Nilihisi kiganja kikinisukuma kwa nguvu mara moja, kisha hakikuwapo. Nilidhani ananitania, ananijaribu kama nitaweza peke yangu, na nikaogelea nikiona fahari, mpaka vidole vyangu vikagusa mchanga. Nikageuka nimwonyeshe. Alikuwa amesimama pale pale, maji kifuani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kutoka nyuma na sauti asiyoijua.

"Nenda, Mwanasha," alisema, bila kupaza sauti.

Ndipo maji yalipobadilika rangi.

Aliyerudi alikuwa Mejumaa. Wengine walipiga mayowe, na siwalaumu, lakini Mejumaa alikitupa kikapu chake, akaingia mfereji ule ule, akamshika Shangazi chini ya kwapa na kumvuta mpaka nje. Alipomlaza mchangani, yeye mwenyewe alikuwa amelowa damu kutoka kifuani hadi miguuni, nami pia, maana nilikuwa nimemlalia Shangazi. Paja lake la kushoto sitalieleza. Walimfunga kwa leso, na leso zikajaa.

Hakukuwa na gari. Wanaume walileta kitanda cha kamba, wakamweka juu yake na kuanza kukimbia naye njia ya hospitali, Baba ameshika mguu mmoja wa kitanda. Nilibaki na Mama barabarani. Baada ya muda usio mrefu nilikiona kitanda kinarudi, na nikajua kwa mwendo wao. Walikuwa wanatembea. Alifia njiani, penye mikorosho, na Baba alisema maneno yake ya mwisho yalikuwa kuuliza kama mtoto amefika.

Tulimzika baada ya alasiri. Leso yangu niliichoma nyuma ya jiko na hakuna aliyeuliza, kwa sababu leso nyingi zilichomwa siku ile.

Siku tatu baadaye wanaume walitega ndoana mlangoni kwa kichwa cha mbuzi, wakamkamata papa mkubwa. Walimburuta mpaka mchangani, kijiji kizima kikatoka. Watoto walimpiga kwa fimbo ingawa alikuwa amekwisha kufa. Baba ndiye aliyepewa kisu. Alimpasua tumbo kwa mkato mmoja mrefu, akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa kitu nisichoweza kukiona kwa sababu ya migongo ya watu. Alikitazama. Kisha akakiacha kianguke, akatembea mpaka ukingo wa maji, akakitupa kisu baharini na kutapika. Mimi nilijua amekiona nini. Alimwona Shangazi. Tangu siku hiyo nikaamini kwamba kipande chake kilikaa ndani ya papa yule, na kwamba papa wote waliokatwa na kutiwa chumvi pale kwetu wana kitu chake. Mama aliponipakulia nyama ya papa nilikataa, na akadhani ni majonzi tu, akanibembeleza na kuniacha.

Matanga yalipokwisha, Bi Mishi aliwakusanya wanawake uani kwetu. Alisema kwa ile sauti yake ya chini kwamba papa haingii ndani ya mwamba bila kuitwa, na kwamba mmoja wetu aliingia baharini akiwa katika siku zake. Akawauliza mmoja mmoja. Kila mmoja aliapa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mgongo wa Mama, kitambaa kimenibana chini ya nguo, maana siku zangu zilikuwa bado hazijakatika. Hakuna aliyeniuliza. Mtoto haulizwi jambo kama hilo.

Zamu ya Mejumaa ilipofika, alisita. Alisema siku zake zilikuwa zimekwisha, na alikuwa ameoga josho la kujitakasa siku mbili kabla ya bamvua. Mwanamke mmoja akasema aliona damu kwenye leso yake. Mejumaa akajibu kwamba hiyo ni damu ya Riziki, kila mtu alimwona akimtoa majini.

"Yote?" akauliza Bi Mishi.

Mejumaa alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa hivyo hutafuta jibu kweli. Macho yake yalizunguka uani, yakapita juu yangu bila kusimama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Sikulisema. Huo ndio uovu wangu. Ya papa sikuyafanya, nimekuja kujua hivyo, lakini hilo nililifanya nikiwa na akili zangu.

Wiki ile ile mumewe alimpa talaka. Kaka yake alikuja kumchukua kutoka Vanga, na walipokuwa wakipita na mkeka wake na sanduku, nilikutana nao kisimani. Hakuna mwanamke pale aliyemuaga. Yeye alisimama mbele yangu na kuniambia nimwombee dua shangazi yangu, na nisiache kula. Niliweka ndoo chini nikakimbia.

Mwezi uliofuata nilimwambia Mama kwamba imenijia kwa mara ya kwanza. Nilipelekwa kwa Bi Mishi nikafundwa kama wengine, na katika mafundisho yake Mejumaa alikuwa mfano, akiitwa Aliyemwita Papa.

Baba aliacha jarife. Alilima muhogo na kuuza madafu, na nyumba yetu haikupata mabati mpaka nilipoolewa na kuyaleta mimi. Watu walisema ni huzuni ya dada yake. Wenzake waliendelea, na lori la kijani liliendelea kuja miaka kadhaa, kisha likaja mara moja kwa mwezi, kisha halikuja tena, kwa sababu papa walikwisha. Wanawake hawakwenda tena upande wa mlangoni, na hakuna mwingine aliyeumwa. Bi Mishi alihesabu hilo kuwa ushahidi.

Mimi nilikua na jambo langu. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume. Kila nilipoona watalii wa Diani wakiogelea, wake kwa waume, nilihesabu wanawake na kutazama maji. Binti yangu mdogo alisomea uuguzi, na siku moja nilipomkataza mtoto wake wa kike kuingia baharini, aliniuliza sababu. Nilimweleza nusu nusu. Alicheka, si kwa dharau, akasema kama papa wangekuwa wakifuata jambo hilo pasingebaki mwanamke katika pwani yoyote duniani. Alisema papa hufuata samaki anayetapatapa, hufuata matumbo na mabaki, na kumuuma mtu ni nadra, mara nyingi amekosea. Alilisema haraka, akiendelea kukunja nguo. Mimi nilitoka nje nikakaa kizingitini mpaka chai yangu ikapoa. Nilikuwa nimefikiria yale maji yenye rangi rangi. Lakini kuyafikiria hayo kulikuwa ni kumfikiria Baba, kwa hiyo nikaacha.

Baba alizeeka sana. Macho yalikuwa karibu yamekwisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkata kucha. Asubuhi moja, barazani, nimepakata mguu wake wa kulia, akaniambia, "Mwanasha, Riziki nilimuua mimi."

Nilimwambia asiseme hivyo. Akaniambia ninyamaze nisikilize, kwa sababu hatalisema mara mbili. Alfajiri ya siku ile walikuwa wamepasua papa watano mlangoni. Alijua ni bamvua, alijua wanawake watakwenda mwambani, akajiambia maji yanayokupwa yatayachukua yale mabaki nje. Hakufikiria yatakapojaa. Na siku walipompasua yule mkubwa, ndani ya tumbo lake alikuta kichwa cha papa mdogo kilichokatwa kwa kisu. Kisu chake kilikuwa na pengo kwenye makali, na alama ya lile pengo ilikuwa kwenye ule mkato. Alikuwa amemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake walikiona pia. Hakuna aliyesema neno.

"Na Mejumaa?" nikamuuliza.

"Tulisikia yaliyosemwa uani. Wote tulisikia. Kwanza tuliogopa lori lisije tena. Halafu tukawaogopa nyinyi wa nyumbani."

Nilikuwa nimeshika mguu wake. Ningeweza kumwambia wakati ule kwamba na mimi, miaka yote hiyo, chini ya paa lile lile, nilijua aliyemuua Riziki ni mimi. Labda ingempunguzia. Labda tungelia pamoja. Lakini jambo lile lina majina ambayo binti hayataji mbele ya baba yake, na nilipoyatafuta maneno mengine sikuyapata. Nikasema Mungu atusamehe sote.

"Wewe usamehewe nini?" akauliza, na macho yake yasiyoona yakanigeukia.

Nikaendelea kumkata kucha.

Aliniomba niende Vanga. Alifariki kabla sijakwenda, na nilipomaliza arubaini yake nikafunga safari. Barabara ilikuwa matope mwanzo mwisho. Nilimkuta Mejumaa uani kwake, karibu na mikoko, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha kwenye mkeka bila kunijua. Nilipojitaja, aliweka ungo chini.

Nilimwambia yote, ya Baba na yangu. Sikujitetea, na kama nilijitetea basi sikumbuki. Alinisikiliza ametazama mikono yake. Nilipomaliza aliniuliza nilikuwa na umri gani. Nikamwambia kumi na miwili. Akatikisa kichwa taratibu, akasema mimi hanilaumu, mtoto ni mtoto. Kisha akanieleza kwamba hakuwa na hakika. Hilo ndilo sikulitegemea. Maisha yake yote alikuwa akihesabu zile siku mbili, kama kweli zilikuwa mbili, kama labda aliharakisha josho, kama labda lilibaki tone. Aliolewa tena, akapata watoto, na hakuingia baharini hata siku moja, wala hakuwaruhusu binti zake. Kila mwezi alipooga josho alirudia hesabu ile ile.

"Baba yako alijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu siku ya yule papa."

Kuku walikuja kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Mama yangu aliishi miaka kumi na minane baada ya mimi kurudishwa," alisema. "Hakula chakula nilichopika kwa mkono wangu. Alikufa hivyo."

Aliuchukua ungo akaendelea kuchambua, nami nikakaa, kwa sababu kuondoka kulikuwa kubaya na kukaa kulikuwa kubaya. Adhana ya adhuhuri iliposomwa aliinuka. Aliniambia kwamba yeye sasa ameshajua, lakini kwetu hawajui, na kama nimekuja kutua mzigo wangu kwake peke yake basi nimekosea njia. "Kaseme kwenu," alisema, akaingia ndani kuswali.

Nilisema. Nilisema kwenye hitima ya mwaka ya Baba, upande wa wanawake, nikiwa nimesimama. Waliobaki waliomjua Mejumaa walikuwa wachache, na Bi Mishi alikuwa amekwisha kufa. Wengine walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba. Mmoja akasema hayo ni mambo ya zamani, tusimtoe marehemu kaburini, na sahani za pilau zikaanza kupitishwa.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi, mliokuwa watoto pamoja nami, mliofundwa na Bi Mishi na kuambiwa jina lile. Najua wako miongoni mwenu waliowafundisha nalo binti zao. Mwanamke aliyeingia na damu baharini siku ile ni mimi, Mwanasha, na haikumwita yeyote. Papa aliitwa na matumbo yaliyotupwa mlangoni na baba zetu, wangu na wenu. Mejumaa alikuwa amekwisha kuoga, na ndiye peke yake aliyerudi majini.